Saa nne ipi?

Mimi ni mkunga, na kila nikilalamika kwamba madaktari hawanisikilizi kwenye simu, naambiwa, "Sista, jiamini, ongea kwa sauti." Basi nikaongea kwa sauti. Usiku mmoja hapa Mufindi, nimesimama nje na baridi lake karibu na simtanki, maana mtandao unashika pale tu, nilipaza sauti mpaka mbwa wa mlinzi akaitika. "Shikamoo dokta, pole na majukumu, samahani kukuamsha, za nyumbani, sasa kuna mama hapa kichwa kinamuuma sana…" Akajibu, "Mpe Panadol," akakata. Presha ya yule mama ilikuwa 170 kwa 110 na sikuwa nimeitaja bado! Ndiyo shida ya kuzaliwa Uheheni, kamwene, salamu yetu, haikatishwi katikati. Nikapiga tena, mara hii nikaanza na presha.

Baadaye kwenye semina nikafundishwa mpangilio wa sentensi nne, ulioanzia kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani kabla hospitali hazijauchukua: nini kinatokea sasa, historia kwa ufupi, mimi naona ni nini, nataka ufanye nini. Nikakata ubavu wa boksi la glovu, nikaandika kwa maka peni (elfu moja na kitu, hela yangu), nikauning'iniza pale dirishani. Ile ya mwisho ndiyo ilinitoa jasho. Mkunga umwambie daktari "nataka uje", wewe nani? Mara ya kwanza magoti yaligongana, na haikuwa baridi. Akasema, "Nakuja."

Nikavimba kichwa. Nikaanza kuwafundisha wenzangu.

Halafu ikaja saa nne. Mama mwingine, kifafa cha mimba kikali, nimemchoma dozi ya kwanza ya magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, saa sita usiku: gramu 4 kwenye mshipa, 5 kila tako. Inayofuata ni gramu 5 baada ya muda wa saa nne. Mara ikabidi nimsindikize mgonjwa mwingine kwenye gari la wagonjwa. Nikiwa mguu mmoja nje nikamwambia mwenzangu, "Magnesiamu ya pili saa nne, dada." Akaitikia vizuri kabisa, "Sawa." Na kwenye chati nilikuwa nimeandika 04:00, mwandiko mzuri, nikausifia mwenyewe.

Narudi saa kumi na mbili alfajiri, dawa iko vilevile kwenye trei. "Mbona hujachoma?" Akanishangaa: "Si umesema saa nne? Na chati inasema nne." Saa nne ya asubuhi! Mimi nilikuwa na saa kumi alfajiri kichwani, yeye anasoma saa kama tunavyosoma sote huku. Tukahesabu pumzi, tukagonga goti, tukaangalia mfuko wa mkojo kuona kama ni salama kumwongezea, tukamchoma kwa kuchelewa saa mbili. Degedege halikumrudia, Mungu ni mwema. Mimi chai haikupita siku hiyo.

Sasa nikikabidhi nasema "saa kumi alfajiri" na sitoki mlangoni mpaka mwenzangu ameirudia kwa mdomo wake. "Sawa" siipokei. Wananiita Sista Rudia, mume wangu pia, kwa sababu namrudishisha hata orodha ya sokoni.

Wiki iliyopita daktari mgeni alinipa maagizo kwa simu, nikamrudishia neno kwa neno. Akaguna, "Sista, unadhani sijui ninachosema?" Nikamwambia, "Mimi ndiye sijui nilichosikia, dokta, hapa simtanki kuna upepo." Akanyamaza kidogo, kisha akasahihisha dozi.