Kutafuta mtafsiri wa hataza kwa Kisomali
Jamani hii kazi ya kutafsiri hataza, yaani hati ya kisheria ya kulinda uvumbuzi, yetu ikiwa ya pampu ya sola, si mchezo. Hapa Eastleigh, Nairobi, wanaojua Kiingereza na Kisomali wamejaa, wa mahakamani, wa hospitali, lakini ukiwaonyesha ile sehemu ya madai, yaani panapoelezwa hasa kinacholindwa, sentensi moja inakula nusu ukurasa na kila neno lina uzito wa kisheria, wengi wanakurudishia karatasi. Ofisi moja ikanipa bei poa, kumbe wamepitisha kwa mashine tu, vali ileile ya pampu ya sola ina majina mawili! Sasa nimepata dada injinia wa maji, bei yake imechangamka ila kabla hajaanza akaomba michoro yote, akapanga istilahi kwa kufuata namba za kwenye michoro, na mkataba wa kutunza siri akasaini bila kuombwa, maana maombi ya hataza hatujawasilisha bado.