Nilivyowafunza panya kuotea bakuli tupu

Nikisema ninafunza panya, watu hapa Nairobi hudhani ni wale wa Morogoro wanaonusa mabomu ya ardhini. Wangu ni weupe, wa maabara, na kazi yao ni kukimbia ndani ya njia nyembamba ya mbao niliyoundiwa na fundi wa Gikomba. (Makanga alinitoza nauli ya abiria wawili kwa sababu ya hiyo mbao.)

Nilifuata jaribio la wanasaikolojia Hulse na Dorsky la mwaka 1977. Panya hukimbia mara tano. Mwisho wa njia hukuta vidonge 14 vya chakula, kisha 7, 3, 1, halafu patupu. Akishaushika mpangilio, mbio ya tano huiendea kwa kujikokota. Mpangilio unaoshuka hivyo humwingia upesi kuliko uliovurugwa wa 14, 1, 3, 7, 0.

Kilichonisumbua ni muda. Njia ni moja, panya ni wengi, kwa hiyo niliwaendesha kwa zamu. Kati ya mbio na mbio dakika nyingi zilipita, na ile ya tano waliikimbia kwa kasi ileile. Mzee anayetunza maabara alitazama, akasema, "Kijana, huyu akirudi kwenye foleni, kwake safari imeisha."

Basi nikawagawa makundi mawili. La kwanza liliendelea na zamu. Katika la pili, kila panya alimaliza mbio zake zote tano papo hapo, sekunde chache tu katikati, ndipo akapumzika kitambo kirefu kabla ya kuanza tena na 14. Chini ya bakuli niliweka chakula nyuma ya wavu, ili harufu isiwape jibu.

Kundi la pili lilianza kujikokota mapema kabisa. Nadhani lile pumziko lilisaidia kama zilivyosaidia zile sekunde: lilimwonyesha panya mfululizo unapoanzia.

La zamu nalo lilishika, ila kwa kuchelewa sana. Hapo nikamkumbuka mwanasaikolojia Capaldi, aliyeshikilia kwamba panya huongozwa na kumbukumbu ya alichopata mara iliyopita: kidonge 1 ndicho kinachomwambia kwamba sasa hakuna. Msimamizi wangu anataka nianzie mfululizo kwenye 3, tuone kama watapunguza mwendo mara baada ya 1, au watangoja mpaka mbio ya tano.