Nilivyomshika mkono mdogo wangu hadi hukumu ikatoka

Mdogo wangu alibakwa na mtu tunayemfahamu. Ameniruhusu niandike, kwa sharti nisimtaje jina.

Alipofika kwangu alitaka kuoga. Nilimsihi asubiri, nikampa dera langu, nguo alizovaa nikazifunga kwenye gazeti kwa sababu plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi, tukaenda Hospitali Kuu ya Pwani hapa Mombasa. Wengi hudhani lazima uanzie polisi. Si lazima. Matibabu ndiyo yasiyongoja: dawa za kuzuia maambukizi ya Ukimwi zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndivyo bora.

Muuguzi wa kitengo cha dhuluma za kijinsia alimweka faraghani, akamweleza kila hatua kabla ya kumgusa. Daktari akajaza fomu ya PRC, inayorekodi uchunguzi na matibabu ya aliyebakwa, nasi tukaomba nakala. Ombeni nakala, jamani, ya kila karatasi.

Polisi ndiko nilikohitaji ujasiri. Afisa mmoja alimuuliza mbele ya watu alikuwa amevaa nini. Niliomba tuhudumiwe na afisa wa kike wa dawati la jinsia, na sikuondoka pale mpaka akaitwa. Huyo alituandikia nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na kutupa fomu ya P3, ya ripoti ya daktari kwa ajili ya kesi, ambayo haiuzwi.

Mshtakiwa alipotoka kwa dhamana, wazee wa upande wake walikuja na maneno ya "tuyamalize nyumbani". Kisha zikaanza simu za usiku, kwa mdogo wangu na kwangu, maana mimi pia nilikuwa shahidi. Kila simu tuliiripoti, tukamweleza kiongozi wa mashtaka, naye akaiomba mahakama imkataze mshtakiwa kuwasiliana nasi. Ni yeye aliyenieleza kwamba lipo Shirika la Kuwalinda Mashahidi, chini ya sheria ya 2006, na kwamba shahidi anaweza kuliomba ulinzi mwenyewe. Simu zilikoma, hatukufika huko, lakini kujua hivyo kulinirudishia usingizi.

Nilichojifunza mahakamani ni kwamba msaada upo, ila uuombe mapema na kwa jina lake. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inaruhusu mwathiriwa kulindwa anapotoa ushahidi. Tuliomba. Watu wakatolewa nje, na mdogo wangu akazungumza nyuma ya pazia bila kutazamana na yule mtu.

Baada ya mshtakiwa kupatikana na hatia, kabla ya adhabu, mdogo wangu alipata nafasi ya kuieleza mahakama madhara aliyoyapata, haki iliyomo katika Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014. Alisoma mwenyewe, ukurasa mzima.

Bado anaenda kwa mshauri nasaha, nami huenda naye. Aliye Kenya na hajui pa kuanzia apige 1195, simu ya msaada kwa waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, ni bure, usiku na mchana.