Babu anahesabu nini

Jana baada ya alasiri binti yangu alisimama mbele ya kiti cha babu yake barazani. Akautazama mkono wa kulia pale mapajani, gumba likisugua kidole cha shahada, likisugua tu. Akauliza: "Babu, unahesabu nini na tasbihi huna?"

Baba alimwangalia kwa ule uso wake usiotoa habari. "Kamuulize mama yako." Sauti chini, kama kawaida. Ila mabega yalicheka.

Siku za mwanzo hata majirani walidhani ni dhikri, na baba akawaacha wadhani. Baba ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa mwili. Mtetemo wake ndivyo ulivyo, kidole kwa gumba mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na huja mkono ukiwa umetulia. Ukipewa kazi, hupungua au huacha kabisa. Hilo nilikuwa nalijua kwa kuambiwa. Kwa macho nililiona Ramadhani ile, mbele ya sinia la mchele.

Mwaka ule alikuwa amekataa kula mchana. Dawa yake ni levodopa miligramu 100 na kabidopa 25 katika kidonge kimoja, mara 4 kwa siku: saa 12 asubuhi, saa 5, saa 10 na saa 3 usiku. Kabidopa kazi yake ni kuizuia levodopa isiishie njiani kabla haijafika kwenye ubongo, na kupunguza kichefuchefu. Hata hivyo levodopa haikai mwilini. Baada ya saa moja na nusu hivi nusu yake imeshaondoka kwenye damu. Yeye akameza kimoja daku, juu ya wali wa maharage na kikombe cha maziwa, akanuia kusubiri futari. Makosa mawili kwa mpigo, maana protini hugombea mlango uleule na levodopa, kwenye utumbo na kwenye ubongo pia. Dawa hunywewa nusu saa kabla ya kula, au saa moja baada ya kula.

Siku ya tatu, adhuhuri, akienda kutawadha, aliganda kwenye mlango wa korido. Miguu kama imepigwa gundi. Mimi kwa ujinga wangu nikamshika mkono nikavuta. Usimvute aliyeganda: mwili hutangulia, miguu hubaki. Alikwenda chini kwa goti. Alipoinuka akaganda tena palepale, na sijui nani alinionyesha, nikaulaza mkongojo wake sakafuni mbele ya vidole vya miguu, ukikingama njia. Akaunyanyulia mguu, akauvuka, akaenda zake kama hakuna lililotokea. Ndiyo asili ya ile mistari ya njano niliyoibandika sakafuni kwenye korido, ambayo wageni huniuliza wakija nyumbani. Utepe mpana, umekingama na wala haukufuata njia, nafasi ya sentimita 40 kati ya mstari na mstari, na lazima uvuke kizingiti upande wa pili. Mara ya kwanza niliishia mlangoni, naye akawa anaganda kwenye mstari wa mwisho.

Daktari alisema asifunge. Baba akasikia, hakujibu. Shekhe alipomsomea ile aya ya 184 ya Suratul Baqara, kwamba asiyeweza hulisha maskini, na akamfafanulia kwamba maradhi yasiyotarajiwa kupona hayadai kulipa siku bali fidia, kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku, ndipo alipoomba maji akameza kidonge chake mbele ya watu. Mimi nikamshukuru Mungu na shekhe wake.

Siku ya 29 akataka kupima mchele wa fidia mwenyewe.

Nilimweka kwenye kiti chenye mikono, si mkekani, kwa kuwa kumwinua kutoka chini ni shughuli ya watu wawili. Nikasubiri dakika 45 baada ya dawa ya saa 5, ishike. Kiroba kulia, sinia juu ya kigoda mbele yake, na kibaba cha mti cha bibi. Mkono ulikuwa ukivuta tasbihi yake ile. Alipokishika kibaba, ukanyamaza. Nilikuwa nimetandika shuka zima chini kwa ajili ya mchele utakaomwagika, nikajiona mpumbavu.

"Mfuto au tele?" nikamuuliza.

"Tele. Tusije tukampunja Mungu."

Kibaba cha kwanza kilikuwa mlima. Cha nne, kilima. Cha tisa kilikuwa mfuto, na cha kumi na mbili kilikuwa na nafasi ya gumba juu. Hakuwa anapunja. Ugonjwa huu hupunguza kila tendo linalorudiwa, kila mara dogo kuliko lililotangulia. Ndio uleule uliozifanya barua zake zianze kwa herufi za kawaida na kumalizikia kwa sisimizi. Yeye mwenyewe haoni, kwake vibaba vyote ni sawa. Na hesabu nayo ilikuwa inazama, "kumi na tatu" nikaiona midomoni tu.

Nikafikiri ninyamaze. Mchele ni mwingi, nitajazia mimi usiku. Kisha nikamwambia: "Baba, vinapungua."

Akakitazama kibaba muda mrefu. Akaliinamisha sinia kwa mikono miwili, polepole, mchele wote ukarudi kirobani.

"Upya."

"Basi hesabu kwa sauti. Kama unamwita mtu ng'ambo. Na mkono uchote mkubwa kupita unavyodhani."

"MOJA!" Paka alikimbia. "MBILI!" Na ajabu, sauti ikipanda, mkono nao ulipanda. Kila alipoanza kushuka nikasema neno moja tu, "kubwa", naye akapanda tena. Kwenye kumi na nane jirani akauliza juu ya ukuta: "Mnauza pishi kiasi gani?" Baba akajibu kwa sauti ileile, "SI YA KUUZA! KUMI NA TISA!" Nilicheka hadi nikakaa chini. Usoni kwake hakuna kitu, ila mabega.

Thelathini, pishi saba na nusu, zote tele. Nikamkumbusha kwamba siku mbili za mwanzo alifunga, na mwezi wenyewe huenda ukaandama jioni ile, kwa hiyo 27 zingetosha. Akasema zile mbili hana hakika kama alifunga au alishinda njaa tu.

(Wapo wanaoniuliza kama mbegu za upupu zinaweza kuwa dawa yake: ndiyo, zina levodopa ya kweli. Lakini kipimo chake hukijui, kabidopa haimo, na ukichanganya na vidonge unaongeza dozi gizani. Muulizeni daktari kwanza.)

Sikukuu mosi nilihesabu vidonge ili nijue lini kwenda duka la dawa. Ukiacha vile vya siku za mwanzo, vilizidi viwili. Nikahesabu mara tatu. Viwili, yaani cha saa 5 na cha saa 10. Nikakumbuka siku ya 27 alishinda kitandani, akasema mgongo unamuuma, akasali kwa kukaa.

Nilivirudisha kwenye pakiti. Binti yangu bado anasubiri jibu.