Wakili anapotajwa kwenye mkeka

Mkeka, yaani orodha ya mawaziri walioteuliwa, ukitoka Ikulu na ndani yake kuna jina la mwanasheria, utasikia watu wakisema kazi itakuwa nyepesi, huyo sheria anaijua. Sikubaliani. Uwakili humfikisha mtu mlangoni tu, na mlango wenyewe ni ubunge.

Ibara ya 55 ya Katiba ya Tanzania inataka mawaziri watokane na wabunge. Shahada ya sheria haitajwi, wala Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, wala kiapo cha uwakili mbele ya Jaji Mkuu. Wanasheria wengi wazuri hawana jimbo, kwa hiyo zile nafasi 10 za wabunge wa kuteuliwa na Rais huwafaa sana. Profesa Palamagamba Kabudi aliingia kwa njia hiyo Januari 2017, na Machi akawa Waziri wa Katiba na Sheria; jimbo la Kilosa alilipata 2020. Dkt. Asha-Rose Migiro alianzia viti maalum, akapitia Maendeleo ya Jamii na Mambo ya Nje, kisha Umoja wa Mataifa kuanzia 2007. Aliporudi, ilibidi kwanza ateuliwe mbunge ndipo akabidhiwe Katiba na Sheria mwaka 2014.

Waziri wa Katiba na Sheria si wakili wa Serikali, ingawa wengi hudhani hivyo. Anayeishauri Serikali ni Mwanasheria Mkuu, ambaye huhudhuria Baraza la Mawaziri bila kupiga kura. Kesi za madai, tangu mageuzi ya 2018, ziko kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Miswada ina waandishi wake. Hata fedha za wizara, afisa masuuli, yaani anayewajibika kwa matumizi yake, ni Katibu Mkuu.

Kinachobaki kwa waziri ni kuibeba hoja, na hapo ndipo mawakili hujikwaa. Waraka wa Baraza, yaani hoja ya maandishi inayopelekwa Baraza la Mawaziri, hupita kwanza kwa makatibu wakuu, na Hazina watauliza fedha ziko wapi. Ukiandikwa kama hoja za maandishi za mahakamani, kurasa nyingi na kesi rejea, utarudishwa. Uamuzi ukishapita, mawaziri wanawajibika kwa pamoja. Jaji wa Rufani asiyeafikiana na wenzake huandika hukumu yake pembeni; waziri wa namna hiyo ananyamaza, la sivyo anajiuzulu.

Bungeni kuna mtihani wa shilingi. Wakati wa makadirio ya bajeti, mbunge asiyeridhika hushika shilingi, yaani hutoa hoja ya kupunguza shilingi kwenye mshahara wa waziri, mpaka apate maelezo. Wakili hukimbilia kifungu cha sheria, wakati mbunge anataka kusikia mahakama ya mwanzo ya kata yake itajengwa lini. Kifungu hakirudishi shilingi. (Wakufunzi wa sheria huumia zaidi hapa, maana wamezoea wanaouliza maswali wawe wanafunzi.)

Halafu kuna ofisi ya uwakili ambayo waziri ameiacha. Tamko la mali linatakiwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma ndani ya siku 30 tangu kushika wadhifa, na tena kila mwisho wa mwaka. Hisa za kampuni ya uwakili zimo. Majalada yakabidhiwe kwa maandishi, saini yake iondolewe kwenye akaunti ya fedha za wateja. Mteja wa zamani akija wizarani kuomba kibali, waziri atangaze maslahi mapema, hata kama ada ilishalipwa yote miaka mitano nyuma.