Gramu 15

Julai imetukaba hapa Moshi. Mlima haujaonekana tangu Jumatatu, na mimi nimerudi kutoka wodini nanuka maziwa. Nimeshinda saa nne na mtoto wa kaka yangu kifuani, ngozi kwa ngozi, nimefungwa kanga mbili kama mtu aliyevunjika mbavu. Nimempokea wifi ili alale kidogo. Siku ya 9 leo, na usiku na mchana anaamka kukamua.

Alizaliwa na wiki 29, kilo 1 na gramu 150. Nilipomwona ndipo nikaelewa kwa nini wanaitwa njiti. Paja lake halifiki unene wa kidole gumba changu, na kofia tuliyomfumia, ndogo kuliko zote, ilimshuka hadi kidevuni.

Majirani wanatufariji kwa hesabu ya tangu enzi: wa miezi saba hupona, wa minane ndiye wa kuogopa. Si kweli, kila wiki ya tumboni inamwongezea mtoto mapafu. Lakini nilinyamaza, nikaitikia "amina" kama wengine.

Usiku wa kwanza nilishika simu nikaanza kusoma. Nikamkuta Curtis Means wa Alabama, aliyezaliwa Julai 2020 akiwa na wiki 21 na siku 1, gramu 420, na akaishi. Furaha ile haikudumu. Chini kidogo nikakutana na hesabu za Shirika la Afya Duniani: kati ya watoto 10 wanaozaliwa kabla ya wiki 28, katika nchi tajiri hafi hata mmoja kamili, katika nchi maskini hufa zaidi ya 9, tena ndani ya siku chache. Wetu kawazidi hao kidogo kwa wiki, ila usingizi ulishaniruka. Kumbe nafasi ya njiti inapimwa pia kwa mahali alipoangukia.

Na vinavyookoa wengi si maajabu. Joto. Maziwa ya mama. Hewa ya kusukumwa puani. Kafeini, naam, ile ya kwenye kahawa, ili asisahau kupumua. Na sindano anazochomwa mama mapema kukomaza mapafu ya mtoto. Wifi alipata mbili tu kati ya nne, kwa sababu kituo alichoanzia walimwambia ni maumivu ya kawaida, akapumzike. Nusu siku ikaenda hivyo. Hili bado linanichoma.

Huku kubeba kifuani kulianzia Bogotá mwaka 1978, inkubeta zilipokuwa hazitoshi. Nilikuwa nadhani ni dawa ya wasio na mashine. Lakini utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, uliotoka 2021, ulionyesha kwamba kumbeba mara tu anapozaliwa, bila kungoja atulie, kunapunguza vifo kwa robo. Sasa sikohoi hata kidogo nikiwa naye.

Leo nilimuuliza sista, "Atapona?" Alikuwa anamnywesha kwa mrija, bomba la sindano kaliinua, maziwa yanashuka yenyewe taratibu. Hakuniangalia.

"Shangazi, leo kapanda gramu 15."

Kaka alikuwa nje na chupa ya mtori. Kwenye simu yake anaandika uzito wa kila siku, na mpaka jana ulikuwa unashuka tu. Nikamtajia. Akaniomba nirudie, halafu akaandika.