Kamba ya Zermatt

Leo kushuka ngazi za jengo letu imekuwa kazi. Nilishuka kinyumenyume nikishika ukuta, na jirani aliyekuwa anateremsha takataka zake za karatasi akanisubiri kwa adabu bila kuuliza. Jana nilikuwa Zermatt, na haya ni magoti ya Zermatt.

Zermatt ni kijiji cha kusini mwa Uswisi, mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na magari ya mafuta hayaingii. Mwenye gari analiacha Täsch, anamalizia na treni. Sisi tuliondoka Bern alfajiri, mimi na mwenzangu wa zamu wodini, mzaliwa wa mabonde ya hukohuko. Yeye alianza kuteleza kwenye theluji kabla hajang'oka meno ya utoto. Mimi huu ni msimu wa tatu. Njia zao zimepangwa kwa rangi: buluu ni za wepesi, nyekundu za walioiva, nyeusi za wanaojua wanachokitafuta. Mimi ni mtu wa buluu. Nyekundu mpaka nibembelezwe.

Lakini niseme ukweli, kilichonipeleka si kuteleza, ni lifti. Kwetu Moshi tuliziita magari ya nyaya, hasa mwaka 2019, Serikali iliposema inafikiria kuyaweka Kilimanjaro. Wapagazi na waongoza watalii walipinga. Baba yangu alikuwa mgumu, ndivyo tunavyowaita wapagazi wa mlimani, tangu siku ambazo mzigo haukupimwa kwenye mizani getini. Mwaka ule alishaacha kupanda kwa ajili ya mgongo, lakini hasira yake iliwazidi walio kazini. "Mgeni akipandishwa na waya," alisema, "jikoni kwa nani kutawashwa moto?" Nilimuunga mkono kwa sauti kubwa, na wakati huo sikuwa nimewahi kuona lifti ya mlimani hata moja.

Jana nimepanda sita.

Ile ya juu kabisa, ya kutoka kituo cha Trockener Steg kwenda kilele cha Klein Matterhorn, ilifunguliwa 2018. Wenzangu kwenye foleni walikuwa wanapiga picha mlima, mimi nilikuwa nimekodolea macho dari la kituo. Kibanda kinaingia kwa kasi, kinauachia waya, kinatambaa taratibu huku watu wanaingia na mbao zao za kutelezea, halafu taya za chuma zinauma waya upya, kak!, kinachomoka. Waya wenyewe hausimami. Unakwenda tu, wewe uwahi usiwahi. Nyaya ziko tatu: mbili nene ambazo magurudumu ya kibanda yanapita juu yake, na moja ya kuvuta. Wawili wanabeba, mmoja anakokota, watu 28 wamekaa ndani wanakula chokoleti. Nikacheka peke yangu. Mwenzangu akauliza kuna nini, nikamwambia nimekumbuka nyumbani.

Baada ya dakika kama tisa tulikuwa juu. Roshani ya kutazamia iko mita 3,883. Kambi ya Horombo, kwenye njia ya Marangu kule Kilimanjaro, iko 3,720, na kwetu mtu hufika hapo siku ya pili, kifua kimeshaanza kuizoea hewa, baada ya kuambiwa "pole pole" mpaka neno likamchosha. Hapa nilikuwa nimekunywa chai kijijini asubuhi hiyohiyo. Kichwa kikaanza kugonga. Waya haujui pole pole.

Unapita kwenye handaki refu lenye baridi kali, unatokea kwenye barafu ya kudumu, na hapo hesabu ya mlima inaanza kudaiwa. Tuliteremka hadi Testa Grigia, mita 3,480, mpakani kabisa na Italia. Mimi nilitaka tushuke Cervinia, upande wa Italia, tunywe kahawa, nije nijisifu kuwa nimevuka mpaka kwa mbao miguuni. Mwenzangu alitazama bendera inavyopigwa na upepo, akakataa. Lifti za juu zikifungwa kwa upepo, aliye upande ule analala upande ule, au akodi gari azunguke milima kwa masaa. Nilinuna. Saa nane mchana lifti zikaanza kusimamishwa moja baada ya nyingine, nikanunulia watu supu.

Kabla ya hapo kulikuwa na aibu ya fimbo. Kuna lifti za kukokota ambazo huna kiti wala kibanda: ni fimbo yenye umbo la T kichwa chini, inapita nyuma ya mapaja ya watu wawili, nanyi mnateleza mkipanda. "Usikae, egemea tu," niliambiwa. Nikakaa. Mwili haukuuliza akili. Fimbo ikazama, mbao zikapandana, nikajikuta natambaa pembeni kwa viwiko kuwapisha wawili waliokuwa wanakuja nyuma, wakanipungia mkono.

Kwa kuwa upepo ulituteremsha mapema, tuliingia makumbusho ya kijiji. Kuna kipande cha kamba kwenye kioo. Tarehe 14 Julai 1865 watu saba walikuwa wa kwanza kufika kilele cha Matterhorn yenyewe, mita 4,478. Wakati wa kushuka mmoja aliteleza, kamba ikakatika, wanne wakafa. Waliorudi ni Mwingereza Edward Whymper na waongozaji wawili wa Zermatt, baba na mwana, wote wakiitwa Peter Taugwalder. Baadaye zikaenea tetesi kwamba yule mzee aliikata kamba. Uchunguzi haukumtia hatiani, lakini tetesi hazikumwacha. Nilisimama pale muda mrefu. Ni kamba nyembamba, mbuzi mkaidi angeikata.

Usiku nilimpigia baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umepanda mlima wa watu?"

"Nimepandishwa."

"Mzigo kabeba nani?"

"Waya."

Akaguna. Nikamweleza kwamba babu wa mwenzangu alikuwa mwongozaji, na leo kaka yake anapaka grisi magurudumu ya nguzo za lifti, mshahara kila mwezi, mgongo mzima.

"Kaka mmoja," baba akasema. "Na wale wengine?"

Sikuwa na jibu, nikamsimulia habari ya Taugwalder. Alisikiliza bila kunikatiza, si kawaida yake.

"Kamba ilikuwa ya nani?"

"Ya mgeni."

"Na lawama?"

"Ya mwenyeji."

Akasonya, ule msonyo mrefu wa mtu aliyeshaisikia hadithi hiyo kwa majina mengine. Nikadhani anataka kukata simu.

"Soksi zako," akasema, "zilikuwa kavu?"